Tivii ya chogo haina zebaki nyekundu

Ujumbe huu hauishi kwenye magrupu, kuanzia Ujiji hadi Kasulu: eti ndani ya tivii ya chogo au redio ya zamani mna zebaki nyekundu, kichupa kimoja mamilioni, na hukimbia kitunguu saumu. Si kweli. Kitu hicho hakijawahi kuthibitishwa kuwa kipo.

Kinachowachanganya watu ni kwamba zebaki yenyewe ipo. Wachimbaji wadogo wa dhahabu wanaijua vizuri, lakini rangi yake ni ya fedha. Na vibao vya saketi kweli vina dhahabu, ila chembe tu.

Ukitaka kuhakikisha, mwombe fundi redio akuoneshe valvu ya redio kuukuu, yaani kile kichupa cha kioo kisicho na hewa kilichomo ndani yake. Kwa juu ina doa linalong'aa kama kioo cha kujitazamia. Wengi huliita zebaki. Kwa kawaida ni metali iitwayo bariamu, imewekwa kunyonya mabaki ya hewa.

Tafadhali usiipasue tivii mwenyewe, hasa watoto wakiwa wamekuzunguka. Kioo chake kina madini ya risasi, na umeme mkali unaweza kubaki ndani hata ukishachomoa waya. Ujumbe ukikufikia, usiusambaze. Tivii iliyokufa mpelekee fundi, atachomoa vipuri vinavyofaa.