Kile kidonge kitupu kwenye majaribio ya dawa za figo

Ile meseji ya "wenye kisukari msikubali majaribio ya dawa za figo, mnapewa vidonge feki mnaachwa mfe" imerudi tena kwenye magrupu, na wengi wanaoituma ni watu wazuri tu wenye mgonjwa nyumbani. Kidonge kisicho na dawa kipo kweli, ndo kinachochanganya watu, ila kwa kawaida kinaongezwa juu ya matibabu yako, hakichukui nafasi yake. Mfano utafiti wa canagliflozin, dawa ya kisukari, uliotoka 2019, watu 4,401 wenye kisukari na figo zilizoanza kuharibika, wote walikuwa kwenye dawa za presha zinazolinda figo, karibu nusu wakaongezewa canagliflozin na waliobaki kile kidonge kitupu, halafu ukasimamishwa mapema maana dawa ilionekana inasaidia. Ukitaka kuhakiki omba fomu ya ridhaa, isome na mtu wa nyumbani, ulizia kibali cha maadili (cha kamati inayolinda washiriki wa utafiti) na namba ya usajili wa utafiti uitafute mwenyewe mtandaoni. Kujitoa unaruhusiwa siku yoyote na kliniki yako unaendelea nayo. Ile meseji ikikufikia tena usiifowadi, mjibu aliyetuma kwa upole, hasa kama ni mama mkwe.