Mtego wa New Jersey na lawama zisizo zake

Kwa mashabiki wengi wa hoki ya barafu wa Marekani na Kanada, New Jersey Devils ndio walioua burudani. Chini ya kocha Jacques Lemaire walitwaa Kombe la Stanley, taji la ligi yao ya NHL, mwaka 1995, wakiifunga Detroit Red Wings mechi 4 kwa 0 katika fainali. Silaha yao ilikuwa mtego wa eneo la kati, na lawama zake hazijaisha hadi leo. Nyingi haziwastahili.

Dhana: Mtego ni kupaki basi.

Anayepaki basi hurundika watu langoni kwake. Mtego hutegwa mbali na lango, katikati ya uwanja. Mchezaji mmoja humsukumia pembeni mwenye kisahani (kile cha mpira mgumu wanachokipigania), huku wenzake wanne wakiziba njia za pasi nyuma yake. Akilazimisha kupita, ananyang'anywa. Timu ya aliyenyang'anywa tayari imeshatangulia mbele, nyuma kweupe, na shambulizi la kushtukiza linazaliwa papo hapo. Ndiyo maana katika msimu wa kwanza wa Lemaire, 1993–94, Devils walifunga mabao 306, wakizidiwa na Detroit tu. Kuna misimu walifunga machache, sikatai. Lakini mwaka 2000–01, Lemaire akiwa ameshaondoka, waliongoza ligi nzima kwa mabao 295.

Dhana: Ulinzi na burudani havikai chungu kimoja.

Tazama Montreal Canadiens ya 1976–77. Mechi 80, walipoteza 8 tu. Walifunga mabao 387 na kufungwa 171, na hakuna timu iliyowapita upande wowote. Watu humkumbuka Guy Lafleur akiteleza kwa kasi, nywele zikipepea. Wanamsahau Bob Gainey, fundi wa kukaba, na mabeki Larry Robinson na Serge Savard waliomwezesha Lafleur kuthubutu. Lemaire naye alikuwa mchezaji wa kikosi hicho.

Dhana: Sheria za 2005 ziliumaliza mtego.

Msimu wa 2004–05 ulifutwa kwa mgogoro wa mishahara. Ligi iliporudi iliruhusu pasi ndefu zinazovuka mstari mwekundu wa katikati, na wastani wa mabao ukapanda kutoka takriban 5 kwa mechi hadi kuzidi 6. Ila sehemu kubwa ya ongezeko hilo ilitokana na adhabu: waamuzi walianza kuwatoa nje kwa muda wachezaji wanaowanasa wapinzani kwa gongo la kuchezea au kuwashika. Hapo ndipo ninaposhika mimi. Burudani iliuawa na mikono na magongo yaliyowakwida wenye vipaji huku refa akitazama. Mario Lemieux, nyota wa Pittsburgh Penguins, alishalilalamikia hilo hadharani mwaka 1992, kabla Lemaire hajafika New Jersey.

Mtego wenyewe haukufa. Novemba 9, 2011, Tampa Bay Lightning walijipanga 1-3-1 (mmoja mbele, watatu katikati, mmoja nyuma) dhidi ya Philadelphia Flyers. Mabeki wa Flyers walikaa na kisahani kwenye eneo lao bila kusogea, wakingoja wafuatwe, hadi filimbi ikapulizwa. Wengi waliwashambulia Lightning kwa maneno. Lakini kisahani kilikuwa kwa Flyers, barafu ilikuwa mbele yao, na hakuna sheria iliyowazuia kujaribu kupita. Lightning walishinda 2–1 katika muda wa nyongeza.