Halo inakwenda PlayStation: kelele za haki na kelele za bure

Oktoba 2025 Microsoft, wenye mashine ya gemu ya Xbox, walipotangaza kwamba Halo: Campaign Evolved, toleo lililotengenezwa upya la gemu yao maarufu ya mapigano, itatoka 2026 na itachezeka pia kwenye PlayStation 5 ya wapinzani wao Sony, wapo wenye Xbox walioipokea habari ile kama tanzia. Hata hapa Tanga, ambako wenye Xbox ni wachache, mazungumzo kwenye fremu yangu ya Ngamiani yaligeuka kuwa hayo tu. Kijana mmoja aliyeniletea padi nimbadilishie stiki alisema kwa uchungu wa kweli, "Mgosi, sasa hii mimi nilinunulia nini?" Mwenzake, mtu wa PlayStation, hakumpa hata nafasi ya kupumua: "Si ulisema hatutaigusa mpaka tunaingia kaburini?"

Mimi ni fundi wa kompyuta na mashine za gemu, kwa hiyo watu wa kila upande hupita mezani kwangu. Nimezisikiliza kelele hizi kwa muda mrefu, na nasema wazi: nyingine ni za bure, nyingine ni za haki kabisa. Iliyo ya haki kuliko zote, inayotugonga sisi Watanzania moja kwa moja, ndiyo inayosemwa kwa sauti ndogo.

Tuanze na historia, maana Halo ni gemu iliyozaliwa ikihama. Julai 1999 aliyeitambulisha jukwaani alikuwa Steve Jobs, kwenye maonyesho ya Macworld ya New York, na mashine zilizokuwa zikipigiwa debe siku ile ni za Apple. Mwaka uliofuata Microsoft wakainunua Bungie, studio iliyokuwa ikiitengeneza, na Novemba 2001 gemu ikatoka pamoja na Xbox ya kwanza. Wenye Mac, walioonyeshwa kwanza, wakaipata Desemba 2003. Kwa hiyo anayesema Halo "imesalitiwa" kwa kwenda PlayStation ajue kuna waliolia kilio hicho hicho miaka 25 iliyopita, na waliofaidika wakati ule ni Xbox.

Kelele za bure ni zile za fahari. Gemu uliyonayo haipungui chochote mwenzako akiipata. Diski yako ni ile ile, picha ni zile zile, ulikofikia ni pale pale. Na kama ni gemu ya kucheza na watu mtandaoni, wageni wakija wewe ndiye unayefaidika, kwa sababu seva isiyo na watu ni gemu iliyokufa. Tarehe 26 Agosti 2025 gemu mbili zilipishana njiani: Gears of War: Reloaded ya Microsoft ikaingia PlayStation 5, na Helldivers 2, inayochapishwa na Sony, ikaingia Xbox. Helldivers 2 ni gemu ya kikosi cha watu wanne, na wa Xbox, wa PlayStation na wa kompyuta wanaweza kuingia kikosi kimoja. Wengi wa zamani waliwapokea wageni kwa shangwe, na walikuwa na akili.

Lakini yule kijana wa padi hakuwa analilia fahari peke yake. Ana hofu ambayo wenye PlayStation hawana haki ya kuicheka. Wenye umri wangu wanaikumbuka Sega. Januari 2001 walitangaza kuacha kutengeneza Dreamcast, mashine yao ya gemu, na kabla mwaka haujaisha Sonic, shujaa wa gemu zao, alikuwa anakimbia kwenye mashine za Nintendo, mpinzani wao wa miaka yote. Tangu hapo, kampuni ikianza kupeleka gemu zake kubwa kwa wapinzani, mwenye mashine yake anajiuliza kama mashine yenyewe itaendelea kuwepo. Na tofauti ya leo ni kubwa. Mwenye Dreamcast alibaki na diski zake, akaendelea kucheza. Xbox Series S haina hata mahali pa kuingiza diski. Kila ulichonunua kimefungwa kwenye akaunti na kwenye duka la kampuni. Mtu aliyejinyima akanunua gemu moja moja kwa miaka ana kila sababu ya kuuliza vitu vyake vitakuwa wapi baadaye, na anastahili jibu la maandishi kutoka kwa kampuni. Utani wa mitandaoni haumsaidii.

Kwa nini kampuni zinafanya hivi? Pesa, na chipu. Nyaraka za mahakamani za 2023, kwenye kesi ya serikali ya Marekani kuzuia Microsoft kuinunua kampuni ya gemu ya Activision Blizzard, zilifichua kwamba The Last of Us Part II, gemu ya Sony, iligharimu takriban dola milioni 220. Gharama kama hiyo ni ngumu kuirudisha kwa wateja wa mashine ya aina moja. Upande wa chipu, tangu 2013 PlayStation na Xbox zote zinatumia prosesa za kampuni ya AMD, za ukoo mmoja na za kompyuta zetu. Enzi za PlayStation 3, yenye prosesa ya Cell ambayo haikufanana na kitu kingine chochote, kuhamisha gemu ilikuwa karibu sawa na kuiandika upya. Siku hizi kazi ni nyepesi zaidi, ingawa nyepesi haina maana kwamba inafanywa vizuri.

Hapa nikae kidogo, maana ndipo malalamiko ya wenye kompyuta yanapoanzia. Horizon Zero Dawn, gemu ya Sony iliyoanzia PlayStation, ilipofika kwenye kompyuta Agosti 2020, furaha ilichanganyika na hasira: gemu ilikuwa inakwama, na kwa wengine inajifunga yenyewe. The Last of Us Part I ilipofika tarehe 28 Machi 2023 hali ilikuwa mbaya zaidi. Mteja mmoja aliniletea kompyuta yake akisema gemu hiyo imeiua, inapata moto mpaka inazima. Niliiwasha mbele yake. Kwenye skrini, kabla hujagusa kitu, kulikuwa na maandishi kwamba inaandaa sheda, na asilimia zinapanda kwa mwendo wa kinyonga. Prosesa ilikuwa inafanya kazi kwa asilimia 100, feni inalia, joto linapanda bila kushuka. Nilipofungua nikakuta bomba la feni limejaa vumbi lililogandamana kwa unyevu wa bahari, na ile krimu ya prosesa imekauka ikawa kama chaki. Nikasafisha, nikapaka krimu mpya, gemu ikafika mwisho wa maandalizi na ikachezeka.

Sheda ni vijiprogramu vinavyoiambia kadi ya grafiki ipake vipi mwanga, ngozi, maji, kivuli. Lazima vitafsiriwe kwenda kwenye lugha ya kadi husika. Studio inayotengenezea PlayStation 5 inajua mteja wa Tanga na wa Tokyo wana chipu moja, kwa hiyo inatafsiri kabisa huko huko na kukuletea kitu kilichokamilika. Kompyuta haziko hivyo: kadi ni za aina nyingi mno, na kila moja ina draiva (programu za kuiendesha) za matoleo mbalimbali. Ni kama fundi cherehani wa sare za shule aliyeambiwa kuanzia leo kila mtoto apimwe mwili wake. Tafsiri inabidi ifanyikie kwako, kwa prosesa yako na umeme wako. Studio ikipanga vizuri, kazi hii inafanyika mapema na hutaisikia. Ikipanga vibaya, inafanyika katikati ya mapigano na picha inakatika-katika. Kwa hiyo mwenye kompyuta anapolalamika kwamba ameletewa gemu mbichi, msimwite mlalamishi. Ametoa pesa nzima.

Gemu zilizohamishwa kwa uangalifu zipo, na kwa sisi wenye kompyuta za mtumba ni neema. God of War ya 2018 ilifika kwenye kompyuta Januari 2022, na mahitaji yake ya chini ni RAM ya GB 8 na kadi ya grafiki ya GTX 960. Hiyo inapatikana kwa kuchukua kompyuta ya ofisi iliyotumika na kuiongezea kadi, mradi pawasaplai iweze kuibeba. Mtu ambaye hana uwezo wa kununua mashine mpya ya Sony anaicheza gemu ile ile, na kompyuta hiyo hiyo asubuhi inachapa barua za wateja. Kila gemu inayovuka inapunguza idadi ya mashine ambazo kijana wa Tanga analazimika kuzinunua. Mimi niko upande huo bila kusita.

Sasa ile kelele niliyosema inasemwa kwa sauti ndogo: lango la akaunti.

Helldivers 2 ilitoka Februari 2024 kwa PlayStation 5 na kompyuta siku moja, na watu wakainunua kwa wingi duniani. Mwanzoni wa kompyuta waliruhusiwa kuruka hatua ya kuunganisha akaunti ya PlayStation. Mwanzoni mwa Mei mwaka huo Sony wakatangaza kwamba sasa ni lazima. Tatizo: mtandao wa PlayStation hauna huduma rasmi katika nchi nyingi za dunia, na Tanzania ni mojawapo. Ukifungua akaunti, kwenye orodha ya nchi hujioni. Yaani mtu wa hapa aliyelipa kihalali kwenye Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, aliambiwa aunganishe akaunti ambayo haruhusiwi kuwa nayo. Gemu ikaondolewa sokoni katika nchi na maeneo 177. Wachezaji wakaijaza Steam hakiki mbaya zaidi ya laki mbili kwa siku chache, na waliotoka nchi zenye huduma walipiga kelele kwa ajili ya wasio nayo. Tarehe 6 Mei Sony wakafuta sharti hilo.

Zile zilikuwa kelele za haki, na zilizaa matunda. Hata hivyo, God of War Ragnarök ilipofika kwenye kompyuta Septemba 2024 ilikuja na sharti lile lile la akaunti; Januari 2025 ndipo Sony walipotangaza kulilegeza kwa baadhi ya gemu zao. Upande wa pili nao wana lango lao: Forza Horizon 5, gemu ya magari ya Microsoft, kwenye PlayStation 5 inadai akaunti ya Microsoft. Hiyo angalau unaifungua ukiwa Tanzania bila kudanganya unakoishi.

Najua wengi wetu tuna akaunti za PlayStation zinazodai tunaishi Uingereza au Marekani. Kabla hujamwaga pesa huko, jua kwamba ni kinyume cha masharti yao, na kwamba kadi ya kuongezea salio lazima iwe ya nchi ile ile ya akaunti. Nyongeza za gemu nazo hufuata eneo: diski ya PlayStation iliyotoka soko la Ulaya na nyongeza iliyonunuliwa kwa akaunti ya Marekani kwa kawaida hazisomani. Hili linawaumiza sana wanunuzi wa diski za mtumba, na muuzaji hatakwambia.

Kwa anayenunua kwenye Steam gemu iliyotoka PlayStation au Xbox, shuka kwenye ukurasa wake mpaka uone kama imeandikwa inahitaji akaunti ya kampuni nyingine, na kama ipo, jaribu kuifungua akaunti hiyo kabla hujalipa. Usitegemee kwamba ulikofikia kwenye mashine ya gemu kutakufuata. Gemu nyingi zinakuanzisha upya. Angalia ukubwa pia: The Last of Us Part I inataka nafasi ya GB 100, na kwa bando zetu hiyo si mzaha. Kama rafiki anayo, nakili folda yake ya gemu kwa diski ya nje (hard disk), iweke kwenye Steam yako, kisha iamuru ihakiki mafaili. Itapakua yanayopungua tu. Gemu yenyewe lazima uwe umeinunua kwa akaunti yako.

Na ikifika mbichi, Steam wanarudisha pesa ukiomba ndani ya siku 14, mradi hujacheza zaidi ya saa mbili. Saa hizo zinahesabiwa tangu programu inapofunguka, pamoja na muda wote wa kuandaa sheda. Kwa kompyuta dhaifu, maandalizi hayo peke yake yanaweza kula sehemu kubwa ya saa zako mbili. Kwa hiyo yakianza, kaa hapo ukiyaangalia, usiende kula.