Mama Ni Raia, Mtoto Ni Mgeni: Sheria za Uraia na Nafasi ya Mwanamke

Tunapozungumzia usawa wa wanawake, macho huelekea haraka bungeni na kwenye orodha za uteuzi, tukahesabu viti. Mimi ni wakili ambaye sehemu kubwa ya kazi yangu ni maombi ya uraia na vibali vya ukaazi, na nimezoea kuutafuta usawa huo mahali pasipotazamwa sana: katika vifungu vinavyosema mtoto ni raia wa nchi gani, na mwenzi wa ndoa anaweza kuwa raia kwa njia ipi. Hapo dola hueleza waziwazi iwapo inamtambua mwanamke kuwa raia kwa haki yake mwenyewe au kwa kupitia mwanamume.

Kesi iliyolianika swali hili barani Afrika ilitoka Botswana. Unity Dow, mwanasheria na raia wa nchi hiyo, aliolewa mwaka 1984 na mume raia wa Marekani. Mtoto wao wa kwanza, aliyezaliwa kabla ya ndoa, alikuwa raia wa Botswana. Wawili waliozaliwa ndani ya ndoa hawakuwa, kwa sababu Sheria ya Uraia ya mwaka 1984 ilimpa mtoto wa ndoa uraia wa baba. Ndugu wa tumbo moja, waliolelewa nyumba moja, wakawa mmoja mwenyeji na wawili wageni. Dow alipofungua kesi, serikali ilijitetea kwamba katiba haikutaja jinsi katika orodha ya misingi ya ubaguzi inayokatazwa, na kwamba iliachwa makusudi kwa kuwa jamii ile hufuata ukoo wa kiume. Mahakama Kuu iliikataa hoja hiyo mwaka 1991, Mahakama ya Rufani ikaukataa utetezi huo tena mwaka 1992, na Bunge likaibadilisha sheria mwaka 1995. Miaka mitatu baadaye Unity Dow akawa mwanamke wa kwanza kuwa jaji wa Mahakama Kuu ya Botswana.

Hoja ya ukoo wa kiume husikika pia hapa Tanzania, watu wakisema kwamba mtoto humfuata baba. Inawasahau Wamakonde, Wayao, Wamwera na Waluguru, ambao kwa mila zao ukoo hupita kwa mama. Tena kanuni ya baba katika sheria za uraia ina chimbuko linalojulikana: Sheria ya Uraia ya Uingereza ya mwaka 1948 iliurithisha uraia kwa upande wa baba, na nchi zilizopata uhuru mwanzoni mwa miaka ya 1960 zikaichukua kanuni hiyo katika sheria na katiba zao. Uingereza yenyewe iliiacha kwa sheria ya mwaka 1981, iliyoanza kutumika mwaka 1983.

Kenya iliishi na urithi huo kwa karibu nusu karne. Chini ya katiba ya zamani, mtoto aliyezaliwa nje ya nchi alipata uraia kwa baba tu, na mwanamume mgeni aliyemwoa Mkenya hakuwa na haki aliyokuwa nayo mwanamke mgeni aliyeolewa na Mkenya. Katiba ya mwaka 2010 iliyaondoa yote mawili. Ibara ya 14 inamtambua mtoto ambaye mama au baba yake ni raia, popote alipozaliwa, na inawagusa hata waliozaliwa kabla ya katiba hiyo. Ibara ya 15 inampa haki ya kuomba kusajiliwa mtu yeyote aliyedumu katika ndoa na raia kwa miaka isiyopungua 7.

Tanzania imefika nusu ya safari hiyo. Kwa Sheria ya Uraia ya mwaka 1995, mtoto anayezaliwa nje hupata uraia wa kurithi kwa baba au kwa mama bila tofauti, na hilo ni jambo la kujivunia. Lakini kifungu cha 11 kinampa haki ya kuomba tajnisi, yaani mgeni kupewa uraia, mwanamke aliyeolewa na raia, wala hakimtaji mwanamume aliyemwoa raia. Mume mgeni hupita njia ya kawaida: awe ameishi nchini miezi 12 mfululizo kabla ya maombi, na katika miaka 10 iliyotangulia miezi hiyo awe ameishi jumla ya miaka isiyopungua 7, pamoja na masharti ya lugha na mwenendo, na hata akitimiza yote, uamuzi unabaki kwa Waziri. Wengi hukisoma kifungu hiki kama upendeleo kwa wanawake. Anayeumizwa nacho ni mwanamke Mtanzania, ambaye ndoa yake haina uzito ule ambao ndoa ya kaka yake inao mbele ya dola ileile. Yeye ndiye anayebeba gharama za vibali vya mumewe, na ndiye anayeishi akijua kwamba kibali kikikataliwa, itambidi achague kati ya mume na nchi.

Wanaokitetea huniambia kwamba wanaume wageni wangeoa ili wapate ardhi, kwa kuwa asiye raia kwa kawaida hamilikishwi ardhi Tanzania isipokuwa kwa uwekezaji. Hofu ya ndoa za ulaghai ni ya kweli na siidharau. Hata hivyo, ulaghai huo unaweza kufanywa na mke mgeni vilevile, na dawa yake ni ile waliyoichagua Wakenya, yaani muda wa ndoa unaowapima wote kwa kipimo kimoja, na uchunguzi makini.

Burundi ndiko hali ilivyo nzito zaidi kwa majirani zetu. Kanuni ya Uraia ya mwaka 2000 inaupitisha uraia kwa baba, na mama huweza kuupitisha pale tu ambapo baba hajulikani au hakumtambua mtoto, ingawa nchi hiyo iliridhia mwaka 1992 mkataba wa Umoja wa Mataifa wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, ambao Ibara yake ya 9 inadai usawa huu kinagaubaga. Mtoto wa ndoa ya Mrundi na mwanamume mgeni asiye na karatasi za nchi yoyote anaweza kukua bila uraia kabisa. Mtu asiye na uraia hapigi kura, hapati pasipoti, na kazi rasmi humpita. Nchi inayolea watoto wa namna hiyo inajinyima walimu na wauguzi wake yenyewe.

Hata chombo chetu cha Kiafrika kina ufa. Itifaki ya Maputo ya mwaka 2003, yaani mkataba wa Umoja wa Afrika kuhusu haki za wanawake, inatambua haki sawa ya mama na baba kuhusu uraia wa watoto, kisha inaongeza kwamba haki hiyo hukoma pale sheria ya nchi inaposema vinginevyo. Ni masikitiko makubwa kwangu kwamba haki iliyokusudiwa kuzirekebisha sheria za nchi iliwekwa chini ya sheria hizohizo.

Kifungu cha 11 kinaweza kurekebishwa kwa mswada mfupi unaomtaja mwenzi wa raia, awe mume au mke, na kuweka muda mmoja wa ndoa kwa wote. Wakati tukiudai mswada huo, akina mama Watanzania waliojifungulia nje wasiache kudai kile ambacho sheria imekwisha kuwapa watoto wao. Watunze cheti cha kuzaliwa chenye jina la mama, na uthibitisho kwamba yeye mwenyewe ni raia kwa kuzaliwa au kwa tajnisi, kwa sababu raia wa kurithi haupitishi uraia huo kwa mtoto anayezaliwa nje. Pia wakumbuke kwamba mtoto akifikisha miaka 18 akiwa na uraia wa nchi nyingine, sheria humtaka aukane ule mwingine ili abaki Mtanzania. Mazungumzo hayo yaanze nyumbani mapema.