Trakingi: meza ya taa inakumbuka nini unaporekodi kyu

Fundi taa wa jukwaani akihamia meza mpya ya kuendeshea taa, wenzake humpa pole kwa sababu ya vitufe. Vitufe havina shida kubwa. Baada ya siku chache vidole vinajua kilipo cha kurekodi na kilipo cha kuendesha kyu. Kinachomsumbua kwa muda mrefu zaidi hakionekani juu ya meza: mashine inaelewa nini anapoiambia "rekodi kyu ya 5"? Meza mbili zinaweza kupewa amri hiyohiyo zikahifadhi mambo mawili tofauti kabisa, na asiyelijua hilo atashinda siku nzima akiilaumu mashine iliyofanya kile hasa alichoituma.

Kyu ni hali ya taa iliyopewa nambari. Meneja wa jukwaa anaita kyu ya 12, fundi anabonyeza, na jukwaa linatoka mchana kuingia jioni kwa muda uliopangwa. Kwa aliyekaa ukumbini, kyu ni picha nzima. Zipo meza zinazoihifadhi hivyohivyo: kila chaneli (njia ya kuongoza taa, au sehemu moja ya taa) na kiwango chake, hata ile ambayo hukuigusa. Huo ndio mtindo wa priseti. Aliyejifunzia kwenye meza ndogo yenye safu mbili za vishikio vya kupandisha na kushusha mwanga, safu moja ikiwasha jukwaa huku nyingine ikipangiwa hali inayofuata, ameuzoea tangu siku ya kwanza.

Meza ya trakingi inahifadhi mabadiliko tu. Chaneli ikishapewa kiwango, inakaa nacho kupitia kyu zote zinazofuata mpaka kyu nyingine iiagize vingine. Ni kama kumwambia mtoto afungue dirisha: litabaki wazi hadi atakapoambiwa alifunge.

Tuchukue mfano. Katika kyu ya 1 umeweka chaneli ya 1 kwenye asilimia 60. Katika kyu ya 2 umepandisha chaneli ya 2 hadi 80, ile ya kwanza hukuigusa. Katika kyu ya 3 umewasha chaneli ya 3 kwa nguvu zote. Ukifika kyu ya 3, taa zote tatu zinawaka, ingawa ndani ya kyu hiyo kuna agizo moja tu. Mengine mawili yamerithiwa. Sasa mwongozaji analalamika kwamba chaneli ya 1 inamuumiza mwigizaji macho. Unarudi kyu ya 1, unaishusha hadi 40, unarekodi. Kwenye meza ya priseti umerekebisha kyu moja tu, na kyu ya 2 ikiingia taa ileile inapanda tena hadi 60 mbele ya watazamaji. Kwenye trakingi, 40 inasafiri yenyewe hadi kyu ya 2 na ya 3. Umefanya kazi mara moja.

Lakini safari hiyo haina kituo usipoiwekea. Kama chaneli ya 1 haikuagizwa lolote tena, marekebisho uliyofanya kwa ajili ya sebule ya onyesho la kwanza yatakwenda kuibukia msituni usiku katika onyesho la tatu. Mgeni wa trakingi huliona hili wakati wa mazoezi ya kiufundi: onyesho lililokuwa safi jana leo limeharibika, naye anaapa hakuligusa. Na kweli hakuligusa. Dawa yake ni kuzuia. Kwenye meza za Eos za kampuni ya ETC, kitufe chake kinaitwa Block: kyu iliyozuiwa inahesabu viwango vyake vyote kuwa ni vyake yenyewe, hairithi tena, kwa hiyo badiliko lililotoka nyuma linagota hapo. Mimi nashauri kuzuia kyu ya kwanza ya kila onyesho na ile inayofuata giza, basi. Ukizuia kila mahali umeirudisha meza kwenye priseti, na faida yote umeitupa.

Hilo giza nalo lina mtego wake. Fundi anateremsha kishikio kikuu, jukwaa linazima, anadhani amemaliza. Hajaiambia kyu chochote. Chaneli bado zina viwango vyake, na kishikio kikipandishwa zitawaka kama zilivyokuwa. Giza linalodumu ni kyu yenye sifuri zilizorekodiwa. Kwa meza ya trakingi, sifuri ni agizo kamili, lakini nafasi tupu maana yake ni "endelea kama ulivyokuwa". Ukilishika hilo, nusu ya kizunguzungu inakwisha.

Trakingi haikuletwa na kompyuta. Kwenye kumbi za Broadway mjini New York, taa ziliendeshwa kwa mikono, na karatasi ya fundi ilitaja vishikio vya kusogezwa katika kila kyu tu, kilichotulia hakikuandikwa. Meza yenye kumbukumbu ya kielektroniki iliingia Broadway mwaka 1975, Tharon Musser alipobuni taa za tamthilia ya muziki A Chorus Line. Kilichoifanya trakingi iwe ya lazima hasa ni taa zinazozunguka. Taa ya kawaida inataka chaneli moja tu ya mwanga. Taa moja ya kuzunguka inaweza kutaka 30: kugeuka, kuinama, rangi, umbo, upana wa mwale. Mfumo wa DMX512, unaopeleka amri za meza hadi kwenye taa na uliowekwa na USITT, chama cha teknolojia ya jukwaa cha Marekani, mwaka 1986, unabeba chaneli 512 kwa mstari mmoja, kwa hiyo taa 20 za namna hiyo hazienei katika mstari mmoja. Sasa sofa ikisogezwa nusu mita, na taa iliyoelekezwa hapo katika kyu ya 20 imetulia hadi kyu ya 35, nani ataifuata kyu moja baada ya nyingine? Kwa trakingi unairekebisha kwenye kyu ya 20 na kuendelea na kazi.

Skrini ya Eos inakuonyesha asili ya kila kiwango kwa rangi. Mwanga uliopanda kuliko kyu iliyopita ni bluu, ulioshuka ni kijani, uliorithiwa ni majenta. Ulichoweka kwa mkono bila kukirekodi ni chekundu. Kabla ya kurekebisha chochote, tazama rangi: ukiona majenta, chanzo cha kiwango hicho kiko nyuma, na huenda huko ndiko unakopaswa kurekebisha.

Anayetoka priseti atatamani kuingia kwenye mipangilio na kubadilisha meza nzima iwe Cue Only, yaani kila badiliko libaki katika kyu yake tu, maana Eos inaruhusu. Ningemsihi asifanye hivyo. Aiache kwenye trakingi na atumie kitufe cha Q-Only/Track kwa kyu inayohitaji tu. Akikitumia wakati wa kurekodi, badiliko linakaa katika kyu hiyo moja na kyu inayofuata inarudishiwa kiwango cha zamani. Kwa hiyo mwongozaji akisema "punguza ile ya kushoto", swali la kumuuliza kabla ya kubonyeza Enter ni moja: hapa tu, au kuanzia hapa na kuendelea?