Je, wajua hakuna msuli unaosukuma?

Juzi asubuhi hapo Kongowea, Mombasa, tulisimama kupisha mkokoteni wa viazi, mmoja mbele ameshika anaelekeza na wawili nyuma wanasukuma mpaka mishipa ya shingo imewatoka, na mtoto wa dadangu akaniuliza, mjomba, misuli yao yasukuma vipi? Nikamwambia haisukumi. Hakuniamini kabisa.

Lakini ndio ukweli. Msuli wajua kazi moja tu, kujifupisha, na ukijifupisha wavuta mfupa ulioshikana nao, basi. Hata kurudi kuwa mrefu hauwezi wenyewe, lazima kitu kingine kiuvute, na mara nyingi ni msuli mwenzake wa upande wa pili. Jaribu hapo ulipo: shika mkono wako juu ya kiwiko, halafu kwa huo mkono ulioshikwa sukuma ukuta. Waona kilichokuwa kigumu ni nyuma? Ule msuli wa nyuma wavuta ile ncha ya kiwiko, na ncha ikivutwa juu kigasha, yaani mkono toka kiwiko mpaka kifundo, chafunguka kwenda mbele, kama ubao wa bembea, huku ukivutwa kule kwajibu. Miguuni ni vilevile, misuli ya paja yavuta goti linyooke, ya nyuma ya mguu yavuta kisigino kiinuke. Kwa hivo ule mkokoteni wote wasukumwa na kuvuta.

Ndani ya msuli kuna nyuzi za protini nyembamba mno, aktini na miosini, zimeingiliana. Miosini ina vichwa vidogo vinashika aktini, vinavuta, vinaachia, vinashika tena mbele, kama wavuvi wavutavyo kamba ya nyavu mkono kwa mkono. Na linalonistaajabisha zaidi ni kuwa vichwa vile vyahitaji nishati ili viachie, ndio maana mtu akifariki, masaa machache baadaye mwili hukakamaa, nishati imekwisha na vichwa vimebaki vimeshika.

Sasa mwangalie mtu akikuna nazi. Mamangu akikaa juu ya mbuzi, kifuu mikononi, mie huangalia vigasha vyake, manake ndani ya vidole hakuna misuli ya kuvikunja, ile mikubwa iko kwenye kigasha na inavuta kano ndefu, zile kamba zinazofunga msuli kwenye mfupa, zinazopita kwenye kifundo cha mkono mpaka kwenye vidole, na kila akikaza kifuu waziona zikisimama chini ya ngozi kama nyuzi. Na anapokizungusha, ile mifupa miwili ya kigasha mmoja wapita juu ya mwenzake halafu warudi. Ndio maana akimaliza nazi ya tatu hukanda kigasha, si vidole.

Viungo navyo si vya aina moja, kiwiko ni kama bawaba, bega ni kama tufe ndani ya kikombe, na mifupa inapokutana imevishwa gegedu, ule mfupa laini kama wa sikio, na katikati kuna majimaji mazito kama ute wa yai, bila hiyo mifupa ingesagana.

Halafu kuna hesabu ya mtungi wa maji, ule wa lita 20, yaani kilo 20 hivi. Ukiubeba kiwiko kimekunjwa, mtungi uko kama sentimita 35 kutoka kwenye kiungo, lakini msuli wa mbele umeshika mfupa sentimita 4 hivi tu kutoka hapo, kwa hivo misuli ya mkono lazima ivute kwa nguvu kama ya kilo 160 na zaidi. Ghali sana, lakini faida yake ni kasi, msuli ukijifupisha kidogo tu kiganja chaenda mbali. Wauza maji wamelijua hili kwa mwili, hubeba mikono imenyooka chini.

Na yote haya yaongozwa na ubongo, ambao haungoji, unakisia kwanza. Ukitaka kuinua yai waita nyuzi chache za msuli, ukitaka kuinua mtungi waita nyingi, na hukumu hiyo imepita kabla kidole hakijagusa. Bila shaka imewahi kukupata: umekuta mtungi mlangoni, ukadhani umejaa, ukauvuta kwa nguvu zote na mkono ukaruka nao mpaka kifuani. Ubongo ulikuwa umeshatuma oda ya kilo 20. Ndani ya misuli na kwenye kano kuna vipima vidogo vinavyoripoti msuli umefupika kiasi gani na wavutwa kwa nguvu gani, ripoti ikapanda, oda ikapunguzwa, na mkono ukatulia kabla hujamaliza kusema, kumbe mtupu.