Taswira ya diski si nakala ya faili

Juzi kijana mmoja wa Luthuli Avenue alinikabidhi flashi akaniambia, "Hii hapa taswira ya ile flopi ya mzee." Nikaifungua. Ndani mlikuwa na barua nne na orodha ya wanachama wa chama, basi. Programu ninayoiandika ya kusoma flopi, zile diski za zamani za sumaku, ina vitufe viwili, "Nakili faili" na "Chukua taswira", na karibu kila anayeijaribu huuliza kwa nini nimeandika jambo moja mara mbili.

Taswira ya diski ni faili moja iliyobeba yote yaliyomo kwenye diski, sekta baada ya sekta (vipande vidogo ambavyo diski imegawanywa), zenye maandishi na zilizo tupu, kila moja mahali pake.

Neno lenyewe limechangia mkanganyiko. Taswira na sura ni ndugu wa mzizi mmoja wa Kiarabu, mzizi wa umbo. Lakini mtu akisikia taswira huwaza picha, na wapo walionitumia picha ya lebo ya flopi waliyoipiga kwa simu. Lebo ina thamani yake, hasa ikiwa na mwandiko wa mwenyewe. Ila hapa turudi kwenye umbo: taswira huhifadhi diski jinsi ilivyopangwa. Ndiyo maana sipendi kuiita "picha ya diski".

Chukua flopi ya inchi 3.5, ile ya megabaiti 1.44. Ina nyuso 2, kila uso una njia 80 za mviringo, kila njia sekta 18, kila sekta baiti 512. Zidisha utapata baiti 1,474,560. Taswira yake ya sekta itakuwa na ukubwa huo huo hata kama mwenyewe aliandika barua moja tu. Faili za kijana yule hazikufika baiti 60,000.

Na katika baiti hizo zilizobaki ndimo hupotea mengi. Ukifuta faili kwenye DOS, mfumo endeshi wa kompyuta za zamani, mfumo haugusi maandishi. Hubadilisha herufi ya kwanza ya jina ikawa alama E5, kisha huitangaza nafasi ile kuwa wazi. Nimeiona kwa macho yangu: ARUA.TXT, B yake imeliwa, na barua nzima iko chini palepale kwa sababu hakuna kilichoandikwa juu yake. Anayenakili faili hataiona kamwe. Anayechukua taswira ataondoka nayo hata asipojua.

Ipo pia taswira ya ndani zaidi. Kifaa kama Greaseweazle hakisubiri sekta. Hupima muda kati ya badiliko moja la sumaku na jingine, na kazi ya kutafsiri huachiwa programu. Flopi hii huzunguka mara 300 kwa dakika, yaani mzunguko mmoja ni sekunde 0.2. Mimi husoma mizunguko kadhaa kwa kila njia, maana sekta iliyogoma mara ya kwanza huweza kukubali mara ya tatu.

Kijana wangu, ulichoniletea ni nakala ya faili, na nashukuru kwa kazi hiyo. Flopi yenyewe usiitupe. Sukuma kile kidude cha pembeni mpaka tundu liwe wazi, isije ikaandikwa tena, kisha niletee.